BIMA YA MOTO NA RADI

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Sisi tukaao Kagera hatuna haja ya kuelezwa ngurumo ni nini. Mvua za vuli zianzapo, mawingu hujikusanya usiku juu ya Ziwa, na mara nyingi radi hutuamsha kabla ya kengele ya shule. Wataalamu waliohesabu radi za dunia nzima kwa vyombo vilivyo angani walitangaza mwaka 2016 kwamba mahali papigwapo kuliko pote ni Ziwa Maracaibo, katika nchi ya Venezuela, na pa pili ni Kabare, mashariki ya Kongo. Kutoka kwetu hadi Kabare ni kuvuka Rwanda tu. Basi sisi ni majirani wa mahali hapo.

Pamoja na hayo, nimeona kwamba watu wengi wenye nyumba nzuri za matofali na bati, watu wanaoijua bima ya gari na bima ya afya, hawajui kama nyumba iliyounguzwa na radi yaweza kulipwa. Wako wasemao, "Radi ni kazi ya Mungu, hakuna kampuni itakayolipa." Wako wengine wasemao, "Mimi nimekwisha kukata bima ya moto, sina wasiwasi tena." Hao wote wawili hawajausoma mkataba. Katika makala hii nataka kueleza mkataba huo husema nini, umetoka wapi, na kwa nini mtu aweza kuwa na bima halali na bado akapata nusu tu ya alichotarajia.

Radi huwashaje moto?

Radi ni cheche kubwa ya umeme ipitayo kati ya wingu na ardhi. Mkondo wake kwa kawaida ni kama ampea 30,000, hali fyuzi ya plagi zetu za nyumbani hukatika mkondo upitapo mno ampea 13. Njia ipitayo radi hewani hupata joto la kama nyuzi 30,000 za Selsiasi, yaani karibu mara tano ya joto la uso wa jua. Hata hivyo si kila radi huwasha moto, kwa maana nyingi hupita upesi kupita kiasi. Zile ambazo mkondo wake hukawia, japo kwa sehemu ndogo ya sekunde, ndizo hasa ziunguzazo.

Nyumba hudhuriwa na radi kwa njia tatu, na naomba msomaji azishike vizuri kwa sababu tutazihitaji mbele.

Kwanza, radi hupiga paa na kuwasha nyasi, boriti au dari, na nyumba ikaungua.

Pili, radi hupiga nyumba pasipo kuwasha moto. Maji yaliyomo ndani ya mti au ukuta hugeuka mvuke ghafula, mvuke hutanuka, na ukuta hupasuka au nguzo huchanika kama iliyopigwa shoka.

Tatu, radi haipigi nyumba kabisa. Hupiga nguzo ya umeme au waya mbali na nyumba, na nguvu yake husafiri ndani ya waya mpaka kwenye jokofu, televisheni na king'amuzi. Vyombo hufa, na nyumba hubaki nzima.

Bima ya moto ilitoka wapi?

Mwezi Septemba mwaka 1666 moto uliwaka mjini London kwa siku nne, ukateketeza nyumba zaidi ya 13,000. Wenye nyumba walibaki na majivu, wala hapakuwa na wa kumdai. Katika miaka ya 1680 mtu mmoja aitwaye Nicholas Barbon alifungua ofisi mjini humo, akapokea fedha kidogo kidogo kwa wenye nyumba, na kuahidi kumlipa atakayeunguliwa. Huo ulikuwa mwanzo wa bima ya moto kama tuijuavyo.

Huko Marekani habari hii inamhusu Benjamin Franklin, ambaye sisi humsoma katika somo la Fizikia. Mwaka 1752, mwaka ule ule wa jaribio lake mashuhuri la tiara na radi, yeye na wenzake wa mji wa Philadelphia waliunda chama cha bima ya moto kiitwacho Philadelphia Contributionship. Hakikuwa kampuni ya tajiri mmoja. Wenye nyumba wenyewe walichanga, na wenyewe wakawa ndio wenye chama, na alama yao ilikuwa mikono minne iliyoshikana. Katika kalenda yake ya mwaka uliofuata Franklin alieleza jinsi ya kuikinga nyumba kwa chuma kinachosimama juu ya paa na kushuka mpaka ardhini. Yaani mtu yule mmoja alishughulikia mambo mawili: kuzuia radi isiunguze, na kumsaidia aliyekwisha kuunguliwa. Hakuona kwamba moja latosha bila la pili.

Katika nchi yetu Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima iliwekwa mikononi mwake. Sheria ya mwaka 1996 iliwafungulia mlango watu binafsi, na leo makampuni ni mengi. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliweka Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iitwayo TIRA kwa kifupi, ili kuyasimamia makampuni hayo.

Hesabu ya bima ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba ada ni shilingi 2 kwa kila shilingi 1,000 za thamani ya nyumba. Nyumba ya shilingi 60,000,000 italipa shilingi 120,000 kwa mwaka. Wakiwa wenye nyumba 1,000 za namna hiyo, watakusanya shilingi 120,000,000, nazo zatosha kujenga upya nyumba mbili zilizoteketea kabisa. Mia tisa tisini na wanane hawakuunguliwa, na wanaona kama wametupa fedha. Lakini mwanzoni mwa mwaka hakuna aliyejua atakuwa miongoni mwa nani.

Mkataba husema nini?

Mkataba wa kawaida wa bima ya moto unaotumika katika nchi zetu umefuata mfano wa Kiingereza, na mwanzoni kabisa hutaja hatari tatu: moto, radi, na mlipuko wa gesi au chombo cha kuchemshia maji ya nyumbani. Kwa hiyo asemaye kwamba radi hailipwi kwa kuwa ni kazi ya Mungu amekosea. Radi imetajwa kwa jina lake. Ikiunguza nyumba, hasara hiyo imo. Ikipasua ukuta pasipo moto, hiyo nayo imo, kwa sababu neno "radi" limesimama peke yake karibu na neno "moto". Tena maji ya kuzimia moto yakiharibu magodoro, au moshi ukiharibu nguo, huhesabiwa kuwa hasara ya moto ule ule, kwa maana chanzo ni kimoja.

Marekani nako ni vivyo hivyo. Mkataba wa mfano uliowekwa katika jimbo la New York mwaka 1943, ambao majimbo mengi yaliuiga, ulitaja moto na radi pamoja, ukaongeza na hasara ya vitu vinavyohamishwa ili kuviokoa.

Hapo ndipo wengi huacha kusoma. Mimi nililazimika kuendelea kwa sababu ya mambo yaliyompata mjomba wangu.

Habari za mjomba

Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu katika wilaya ya Muleba. Alijenga nyumba yake kwa mkopo wa benki, na benki ilimtaka aikatie bima ya moto, yeye akaikata pamoja na vyombo vyake. Mwaka ule nyumba iligharimu shilingi 30,000,000, basi akaandika 30,000,000. Kila mwaka alilipa ada bila kukosa, wala hakubadili tarakimu ile. Mkopo ulipokwisha aliendelea kulipa kwa hiari yake, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Alfajiri moja ya mwezi Novemba radi ilipiga paa. Sebule na vyumba viwili viliungua kabla majirani hawajauzima moto. Jiko lilikuwa upande wa pili, halikuguswa na moto. Lakini ndani ya jiko lile palikuwa na friza ambayo mkaza mjomba alihifadhia sangara wa biashara yake, nayo ilikufa saa ile ile. Kwa bahati njema hakuna mtu aliyeumia.

Mkadiriaji wa kampuni alikuja, akapima, akakubali kwamba ni radi. Mafundi walikisia kwamba kutengeneza palipoungua kungegharimu shilingi 20,000,000. Mjomba alitarajia kupata zote. Barua ilipofika ilisema atalipwa 10,000,000, tena zikitolewa zile fedha chache ambazo mwenye bima hujibebea mwenyewe katika kila hasara. Friza haikulipwa hata senti.

Nilikuwa likizoni kwao. Mkataba ulikuwa kwa Kiingereza, wenye herufi ndogo kama mbegu za mtama. Mjomba anajua Kiingereza, lakini macho yake yamechoka, basi aliniambia niusome kwa sauti. Tuliusoma kutoka chakula cha jioni mpaka usiku. Kila nilipofika kwenye kifungu alisema, "Rudia hapo, mpwa wangu," nami nikarudia.

Tulipata majibu mawili.

La kwanza lilikuwa kifungu cha uwiano. Kifungu hiki husema kwamba ikiwa nyumba imeandikwa kwa thamani ndogo kuliko gharama ya kuijenga upya siku ya hasara, mwenye nyumba atahesabiwa kuwa amejikatia bima mwenyewe kwa sehemu iliyobaki. Siku ya radi ile, saruji, bati na mbao vilikuwa vimepanda bei, na kuijenga nyumba yote upya kungegharimu shilingi 60,000,000. Yeye aliandika 30,000,000, yaani nusu. Basi kila hasara, kubwa au ndogo, ingelipwa nusu:

30,000,000 ÷ 60,000,000 × 20,000,000 = 10,000,000.

Wengi hudhani kwamba ukiandika 30,000,000, hasara yoyote iliyo chini ya kiasi hicho italipwa yote. Sivyo. Kwa ule mfano wetu wa shilingi 2 kwa 1,000, kuandika thamani kamili kungemwongezea mjomba ada ya shilingi 60,000 kwa mwaka. Kutokuandika kulimgharimu 10,000,000.

La pili lilikuwa kifungu cha umeme. Mikataba mingi husema kwamba chombo cha umeme kilichoharibiwa na nguvu ya umeme iliyozidi ndani yake hakilipwi, hata kama chanzo ni radi. Lakini chombo hicho kikiwaka moto na kuunguza pazia, meza na paa, vile vingine vyote hulipwa. Kinachoachwa ni kile chombo chenyewe. Friza ya mkaza mjomba haikuunguzwa na moto. Iliuawa na umeme uliopita ndani ya waya. Hiyo ndiyo ile njia ya tatu niliyoitaja mwanzoni. Hasara hiyo hukatiwa bima ya nyongeza kwa ajili ya vyombo vya umeme, na hapana mtu aliyemweleza mjomba kwamba iko.

Mjomba alipomwuliza mkadiriaji, alijibiwa kwa upole, "Mwalimu, hatukatai kukulipa. Tunakulipa kwa kadiri ulivyoandika." Mjomba alinyamaza. Nyumba ilitengenezwa nusu, na binamu yangu aliyekuwa chuoni aliahirisha masomo mwaka mzima.

Mambo mengine ya kuangaliwa

Baada ya usiku ule nilisoma mikataba mingine na kuwauliza watu wanaoifahamu kazi hiyo. Nimekusanya haya machache yamfaayo mwenye nyumba.

1. Andika gharama ya kujenga upya, siyo bei ya kuuza. Kiwanja hakiungui, kwa hiyo thamani yake haimo. Hesabu hiyo ifanywe upya kila mwaka kabla ya kulipa ada.

2. Sema kweli yote. Ikiwa paa ni la nyasi, au sehemu ya nyumba ni duka, au unauza petroli kwenye madumu, lazima kampuni ijue. Bima ni mkataba wa uaminifu, na jambo lililofichwa laweza kuvunja madai yote.

3. Jua nyumba isiyo na mtu. Mikataba mingi husitisha kinga nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30, mpaka kampuni iarifiwe na kukubali.

4. Usichanganye radi na tetemeko. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lilibomoa nyumba nyingi hapa Kagera. Mkataba wa moto wa kawaida hauhusiki na hasara hiyo, wala na moto uletwao na tetemeko, isipokuwa hatari hiyo imeongezwa kwa maandishi na kulipiwa.

5. Weka nakala ya mkataba na stakabadhi mahali pengine. Karatasi zikiungua pamoja na nyumba, ushahidi umeungua.

6. Moto ukitokea, okoeni watu kwanza, kisha piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Iarifu kampuni upesi, kwa maandishi. Piga picha, wala usifagie kifusi kabla mkadiriaji hajaja, ila funika palipo wazi ili mvua isizidishe hasara. Taarifa ya zimamoto, ya serikali ya kijiji, na ya Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu siku ile husaidia kuthibitisha kwamba ilikuwa radi.

7. Ukiona umedhulumiwa, usikae kulalamika barazani. Iko ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na kazi yake ni kusikiliza ugomvi kati ya mwananchi na kampuni.

Tena tusisahau fundisho la Franklin kwamba kulipwa si badala ya kukinga. Chuma cha kukinga radi, kikiwekwa na fundi ajuaye, chenye waya mnene wa shaba ulioshuka moja kwa moja na kuzikwa vizuri ardhini, huipa radi njia ya kupita nje ya nyumba. Kikiwekwa vibaya, bila kufika ardhini, ni hatari kuliko kutokuwapo. Na mawingu yakianza kunguruma, kuchomoa plagi ukutani hakugharimu kitu.

Je, wasio na uwezo?

Msomaji mwenzangu aweza kusema, "Haya yote ni ya wenye nyumba za matofali. Bibi yangu anakaa katika nyumba ya nyasi, atafanya nini?" Swali hili ni la haki. Makampuni huiogopa nyasi, na huikataa au huitoza ada kubwa.

Lakini tukumbuke kwamba chama cha Philadelphia kilianza kwa majirani kuchangiana, na jambo hilo sisi tunalijua. Karibu kila kijiji kina chama cha kufa na kuzikana, chenye daftari, mweka hazina na kiwango cha mchango. Chama kama hicho chaweza kuweka ukurasa wa pili katika daftari lake kwa ajili ya nyumba zilizoungua. Leo tunachanga baada ya janga, na kila mtu hutoa alichonacho siku hiyo. Bima ni kuchanga kabla ya janga, kwa hesabu iliyoandikwa.

Iko na faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa. Katika vijiji vyetu radi ikipiga nyumba, wapo wanaouliza mara moja, "Nani ameituma?" Mzee mmoja au bibi kizee mmoja hutazamwa kwa macho mabaya, na mara nyingine hufukuzwa au hudhuriwa bila kosa. Nilipousoma mkataba wa mjomba tangu mwanzo mpaka mwisho, sikuona mahali popote panapouliza nani ameituma radi. Unauliza imepiga siku gani, imeharibu nini, na nyumba ilikuwa na thamani gani. Maswali hayo yana majibu, na majibu yake hujenga paa. Swali lile lingine halijapata kumrudishia mtu hata bati moja.

Ndugu zangu wanafunzi, likizo i karibu. Wengi wetu ndio tusomao vizuri zaidi katika nyumba zetu, na wazazi wetu wametia sahihi karatasi ambazo hawakupata nafasi ya kuzisoma. Wewe ambaye nyumba yenu ina bima, mwombe mzazi wako kwa adabu akuonyeshe mkataba, mkae pamoja muusome kifungu kwa kifungu, mkitazama kwanza tarakimu ya thamani na kifungu cha umeme. Kama jambo halieleweki, andikeni barua kwa kampuni na kuuliza, kwa kuwa ni haki yenu. Fanyeni hivyo kabla ya mvua kuanza.